Mgongo wa Tsuruyo

Hiki ninachowaandikia hamtakiamini, na sitawalaumu. Hata mke wangu hakukiamini, na anayehusika ni dada yake wa tumbo moja. Lakini mimi Inukai, fundi baiskeli wa Hitoyoshi, mtu ambaye shule ilimshinda lakini dunia haijamshinda, sijawahi kusema uongo usio na faida.

Shemeji yangu Tsuruyo ametengeneza tofu, ile jibini ya soya, miaka arobaini na moja. Kabla ya jogoo yuko jikoni anasaga soya. Jua likichomoza, yeye yumo ndani ya mvuke, haoni hata pua yake. Mume akafa, akaendelea. Magoti yakalalamika, akaendelea. Mwaka huu, alipofunga duka lake moja kwa moja, akatutangazia tukiwa tunakula tambi:

"Nakwenda Kagoshima. Peke yangu. Nitalala hotelini, nilione jua likitokea nyuma ya Sakurajima, ule mlima wa volkano unaofuka moshi, nami nipo kitandani."

"Kitandani? Si utoke nje kama watu?"

"Sitoki, Shemeji. Nimeamka vya kutosha. Safari hii yaamke macho tu."

Nikamwambia atarudi na treni ya jioni ileile, analia. Nilisema kwa sauti, majirani wakasikia. Hapo nilikosea, maana yule mwanamke ukimtania ndiyo umempa nauli.

Basi akaandika barua kuomba chumba cha upande wa mlima, akajibiwa kwa heshima zote kwamba amepata. Alipofika alasiri akafungua pazia. Ukuta! Ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi cha kuupiga kofi, na mtambo wa kupoza hewa unadondosha maji. Chumba kinanuka sigara za watu waliokwisha kufa. Bafuni, ukikaa, magoti yanagonga kidevu.

Wengi wetu hapo tungefanya nini? Tungesema haidhuru, tukalala, tukarudi nyumbani tukaisifu hoteli. Hata mimi, pamoja na usimba wangu wote. Tsuruyo akashuka mapokezi.

Akatokea meneja, Bwana Ushijima, kachana nywele kwa mafuta.

"Mama, vyumba vya upande wa mlima vimejaa. Tumekosa. Tunaomba radhi kutoka moyoni." Akainama.

Nanyi mnajua mainamo yetu. Mwenye kosa anainama, aliyekosewa anasema basi, yameisha, wote wanainuka, na kosa linabaki palepale limekunja nne. Tsuruyo hakusema yameisha. Na yeye akainama. Chini kuliko meneja.

Meneja akachungulia, akaona kisogo cha mgeni kiko chini ya chake. Aibu gani hiyo! Akashuka zaidi. Tsuruyo naye akashuka zaidi.

"Mama, tafadhali, inuka."

"Siwezi, Baba. Bado naufikiria mlima wangu."

"Watu wanatazama, Mama."

"Waache watazame. Mimi sina pa kutazama."

Mgongo ule, jamani, umeinamia beseni la maji baridi miaka arobaini na moja ukikata tofu. Mgongo wa meneja umeinamia nini? Karatasi! Jasho likaanza kumdondoka puani. Wageni wapya wakajipanga nyuma na mabegi yao, na kwa adabu nao wakaanza kuinama, hawajui wanamwinamia nani.

"Kipo chumba cha kufulia," hatimaye meneja akaviambia viatu vyake. "Ghorofa ya tisa. Dirisha linatazama mlima. Lakini hakifai mgeni, Mama. Hakuna kitanda, ni mashuka tu."

"Safi?"

"Safi kabisa, Mama."

"Basi, yameisha."

Tsuruyo akainuka kama msichana. Meneja yeye hakuinuka. Ilibidi watu wawili wamnyooshe.

Asubuhi wafuaji walipofika, walimkuta juu ya lundo la mashuka kama malkia, macho dirishani. Wakaanza kupiga pasi kwa kunyata. Nje, nyuma ya mlima, pakawa pekundu, kisha jua likachungulia. Tsuruyo hakuinua hata kidole. Miaka arobaini na moja ya mvuke, na leo hakuna kinachochemka popote duniani isipokuwa ule mlima. Nami nawaambia, jua lilipomwona likasimama kidogo, moshi ukajikunja, na Sakurajima wenyewe, mlima mzima, mbele ya wafuaji saba, ukainama mpaka kiuno—

"Shemeji!" Huyu hapa Tsuruyo nyuma ya bega langu, kavaa miwani. "Wafuaji walikuwa wawili. Na ni mlima gani huo unaoinama?"

"Kidogo tu, Shemeji. Tuseme kichwa."

"Futa."

"Lakini jua si uliliona—"

"Jua nililiona, tena nimelala chali. Linatosha lenyewe, halihitaji msaada wako. Na pale uliposema nitarudi nalia, umepaandika?"

"Nimepaandika."

"Hapo pasiguswe."

Haya, nafuta. Mlima haukuinama. Lakini moshi wake, wafuaji wote saba ni mashahidi, ulimpungia mko—

"Inukai!"