Mwizi Aliyeaga

Mwizi gani anaaga? Mimi. Nimekata mnyororo wa mtoto wa sokwe aliyefungwa nyuma ya buveti moja ya pombe kule Kituku, nimemficha ndani ya mfuko wa makala ya kupikia, halafu nikamgeukia mama aliyekuwa anaosha glasi: "Mama, bakia salama." Adabu ya kwetu itaniua! Kesho yake asubuhi polisi walikuwa mlangoni kwetu Mabanga.

Nilimkata mnyororo siku ya Jumatano, na Jumamosi ilikuwa inaletwa mahari ya dada yangu mdogo. Baba yetu hayuko tena, na kwetu, watu wa upande wa Bukavu, muzee akikosekana ni mtoto wake mkubwa wa kiume anayeketi kupokea wakwe. Huyo ni mimi. Ningengoja Jumapili? Mnunuzi wake alikuwa anakuja Ijumaa kumvusha mpaka wa Bunagana. Na shingo ya yule sokwe ilikuwa imeoza chini ya mnyororo, huku walevi wanamnywesha bia na kucheka mpaka machozi. Wapumbavu! Watu wazima wenye watoto nyumbani.

Komanda wa polisi hakuwa mkali, na hilo linanichoma mpaka leo. "Papa, sema tu ile nyama, yule sokwe, iko wapi, urudi kwenu sasa hivi." Ningesema, angerudishwa kwenye mnyororo. Wakanifungia kasho, mahabusu yao. Mwenye buveti, aliyemfunga sokwe kinyume cha sheria, alikuwa ameketi nje kwenye kiti, anakunywa fanta na komanda. Mimi ndani ya kasho, nanuka mikojo ya wengine.

Jumamosi baba mdogo akaketi mahali pangu, akadanganya kwamba nimekwenda Bunagana kwa biashara. Kumbe mmoja wa wageni alikuwa ameniona nikipakizwa kwenye gari ya polisi. Mjomba wa bwana harusi akasimama: "Tumekuja kuoa kwa watu, si kwa wezi." Wakaondoka na ng'ombe wao. Hata chupa moja ya bia haikufunguliwa. Wangeuliza basi nimeiba nini! Hakuna aliyeuliza.

Kasho haina chakula, asiyeletewa na ndugu zake analala njaa. Jumapili dada yangu akaja na bakuli. Ilikuwa nyama ya sherehe yake.

"Kula, yaya," akaniambia mimi kaka yake. "Wageni hawakugusa."

Nikaliweka bakuli chini. Akauliza kama kale katoto ka sokwe kanakula huko kaliko. Nikasema kanakula.

"Basi na wewe kula."

Waliniachilia baada ya wiki tatu, bila hata kuniambia pole. Sokwe alipona huko nilikompeleka usiku uleule, manyoya yameota shingoni. Watu wasionijua wananiita shujaa. Shujaa kitu gani? Dada yangu bado yuko kwa mama, anauza vitenge hapa Mabanga. Hajanigombeza hata siku moja, na heri angenigombeza! Nikipita ananipa kiti, anakunja kitenge, anauliza taratibu:

"Yaya, ile Jumatano ingerudi, ungefanya nini?"

Namwambia ningengoja Jumapili. Ninadanganya, na yeye anajua.