Walionilaza Kabla Sijafa

Pumu ilinianza kiangazi kile matrekta ya Wazungu yalipokuwa yaking'oa pori Nachingwea ili zilimwe karanga. Tuliambiwa karanga hizo zitashibisha dunia. Mimi za kushibisha dunia sikuziona, ila vumbi lake lilitufikia mpaka kwetu Naipingo, na nadhani fungu langu lilikuwa kubwa kuliko la wenzangu. Nilikuwa mke kijana, mama wa mtoto mmoja, na nilizoea kutwanga mtama huku naimba. Mvua zilipoanza, nilikuwa siwezi kufika kisimani bila kukaa njiani, kifua kikinilia kama filimbi.

Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba hayohayo. Alikuwa mtu mpole, kasoro yake ilikuwa moja tu: alikuwa na dada. Wifi yangu huyo, aliyekwisha kuachika, alihamia kwetu kuniuguza. Amri yake ya kwanza ilikuwa nilale. Ya pili, nisiamke.

"Mgonjwa wa kifua akitembea, pumzi inamwagika," alisema, kana kwamba amewahi kuichota pumzi na kuipima kwa kata.

Basi nikalala. Kila nilipochinjiwa kuku nililetewa mchuzi peke yake, kwa sababu nyama, kwa maelezo ya wifi, ni nzito kwa kifua cha mgonjwa. Kifua chake, alhamdulillahi, kilikuwa kizima. Wageni walikuja kunijulia hali, na kila mmoja alikuja na marehemu wake. Mzee mmoja wa Lionja alinitazama akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu alikuwa na kifua kama hiki hiki," alisema. "Tulimzika Ijumaa." Kisha akaomba uji aongezewe.

Siku moja, kupitia ukuta wa udongo, nikamsikia wifi akimuuliza jirani, "Ile kanga yake nyekundu, atapewa nani?"

"Niulizeni mimi," nikajibu kutoka kitandani. "Mwenyewe bado nipo."

Walicheka wakasema mgonjwa anaweweseka.

Kwa kulala huko miguu ilinyauka, na pumu wala haikushukuru. Ilinibana siku moja tangu alfajiri mpaka kucha zikaanza kugeuka rangi. Mume wangu akanipakia kwenye baiskeli ya kuazima, akanisukuma hadi hospitali ya misheni. Wifi alitufuata mpaka njia panda akipiga kelele kwamba nitarudi nimevaa msalaba. Sikurudi na msalaba. Nilirudi na vidonge.

Aliyenitibu alikuwa sista wa Kizungu mwenye Kiswahili cha amri tupu. Kifua kilipoachia, alinikuta nimejilaza kama nilivyofundishwa.

"Amka. Fagia."

"Sista, mimi mgonjwa."

"Ndiyo. Kesho pia mgonjwa. Mwaka kesho pia. Ugonjwa huu hauondoki. Sasa wewe utalala mpaka lini?"

Swali hilo nilikuwa sijaulizwa na mtu yeyote. Nilifagia nusu ya baraza, nikapumzika, nikamaliza. Alinifundisha kuacha kazi kabla pumzi haijakatika, si baada yake, na kumeza dawa mapema bila kujitia ushujaa. Aliniambia pia nile mayai kila siku na nikae mbali na moshi wa jikoni. Hapo nilijua kwamba huko kwao ugali hupikwa kwa dua.

Hata hivyo moshi niliukimbia. Niliporudi nyumbani nilihamishia mafiga uani, mahali penye upepo, na majirani wakasema misheni imenifundisha kupika kama msafiri. Asubuhi nilichukua ndoo ndogo. Wifi akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kisimani."

"Ukifia njiani?"

"Mtanikuta njiani, wifi. Njia ni moja."

Nilipumzika mara nyingi kuliko nilivyotembea, nikarudi na maji. Wifi alinuna siku nzima. Msimu wa kupanda ulipofika nililima ufuta, kipande changu kidogo kidogo, nikikaa kila kifua kilipoanza kusema. Pumu ilinirudia mara kwa mara, na mara nyingine ilinilaza kweli. Ila ikiniachia nilikuwa naamka, na hilo wifi hakuweza kulistahimili. Akasikia kuna ndugu yao Lionja ameumia goti, akafunga virago siku hiyo hiyo. Nilimwonea huruma yule mwenye goti.

Ufuta ulipovunwa nilipanda lori kwenda Ruangwa kumsalimu shangazi yangu. Lori liliharibika njiani, nikaimalizia safari kwa miguu, taratibu, na jioni nikapiga hodi. Shangazi alifungua, akanitazama, akashika kizingiti.

"Mwanangu! Si ulikufa?"

"Nani kasema?"

"Wifi yako alituma salamu kwamba ndiyo unakata roho. Tukangoja, tukangoja, habari nyingine haikuja. Tukaona tusikucheleweshe. Tumekusomea hitima."

Nilikaa kwenye mkeka ili kifua kitulie. Kilipotulia, nikamuuliza kama pilau ya hitima yangu ilikuwa nzuri.

"Nzuri," alisema, bado ananipapasa mkono kuhakikisha una joto. "Ila mchele ulikuwa na vijiwe kidogo."

Nikamwambia kesho apike tena, na mchele nitauchambua mwenyewe.