Udongo wa Bi Zuwena

Jumatano, 14 Mei. Mvua ya masika tangu alfajiri.

Mimi ni mhudumu wa maabara ya skuli, Jang'ombe, bado niko kwenye majaribio ya kazi. Bi Zuwena, mwalimu wa sayansi, alinikabidhi masanduku mawili ya somo lake. Moja lina picha ya kangaruu mdogo ambaye wenzake wamebaki wachache duniani. Jengine lina udongo ulioota ukoga wa kijivu, ule ukungu unaoota popote. Aliniambia nivitunze vyote viwili sawasawa, kwa hiyo kosa si lake.

Picha niliipangusa kila siku. Ukoga niliuona uchafu, nikaumwaga. Nilipotanabahi nikachota udongo nyuma ya jikoni, panapotupwa mabaki ya mboga, nikanyunyiza majivu, nikafunika kitambaa. Kwa hofu ya kufukuzwa sikufunua tena.

Leo kaja mkaguzi. Bi Zuwena akawauliza wanafunzi, "Kangaruu akitoweka, dunia italia. Ukoga huu ukitoweka, nani atajua?"

Akafunua kitambaa. Mchicha umechipua sanduku zima.

"Mwanaidi!"

"Naam, Bi."

"Ukoga wangu umezaa mchicha?"

"Niliumwaga, Bi. Nisamehe."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka, aliuliza jina langu kamili, akaliandika.

Jioni nyumbani tumekula wali na mchicha wa nazi. Mimi nimekula wali mtupu.