Nilikikata Kitanda cha Mama Mbele Yake Mwenyewe

Tendegu la kwanza lilipokatika, mama aligeuza uso ukutani. Msumeno niliushika mimi. Kitanda cha samadari alichotuzalia sote sita nilikikata vipande mchana kweupe, naye kakaa kitini pale pale. Kosa langu, silikatai. Lakini si langu peke yangu.

Tulikuwa tukikaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba mpaka mtu mnene apite ubavu. Ndiyo maana vitanda vya zamani havitiwi misumari. Ulimi wa mfumbati, ule ubao wa ubavuni, unaingia kwenye tundu la tendegu, ndio mguu wenyewe, unakazwa kwa kabari. Ukihama, unagonga kabari, unateremsha kipande kipande.

Mwaka jana kikaanza kuyumba. Mama akasema, "Mwite Fundi Shaame wa Mtoni." Nikenda mara mbili, simkuti. Akatokea Makame, mume wa dada yangu, anayetengeneza vitanda vya hoteli huko Kiwengwa.

"Hizo kabari za wakati wa Sultani, shemegi. Lete gundi na misumari ya inchi nne."

"Mama kasema tumngoje Shaame."

"Haya mngojeni. Mama akianguka, msiniite."

Nikaogopa. Mimi nikashika mbao, yeye akagonga. Tundu zote tukazijaza gundi. Kitanda kikatulia kimya, nami nikajisifu kwa majirani. Mama akapapasa vichwa vya misumari, akasema, "Mmeshakifungia humu ndani." Nikaona maneno ya uzee.

Masika haya ukuta wa nyuma ukaporomoka. Tumesalimika kwa rehema ya Mungu tu. Tukaambiwa tutoke siku ile ile. Tuligonga, tukamwagia maji ya moto, tukang'oa misumari mitatu, gundi haikuachia. Mlangoni hakipiti. Nikampigia simu Makame.

"Kateni tu, shemegi. Mbao tu hizo."

Sasa tumepanga Mtoni. Fundi Shaame alikuja akavitazama vile vipande, akavirudisha guniani. Mama analala chini kwenye godoro. Kitanda kipya hataki hata kusikia.

Wenye vitanda vya wazee wenu, kikilegea msikiguse kwa msumari mpaka mjue kilivyoungwa.

Na wewe Makame, hujakanyaga kwetu tangu siku ile, unamwambia dada kuwa ile misumari nilitaka mwenyewe. Kweli nilitaka. Mimi nshaomba radhi, mama kageuza tena uso ukutani. Njoo na wewe ukae chini penye godoro lake, umwambie hilo hilo: mbao tu hizo. Nataka nisikie atakavyokujibu.