Kaburi la Mjomba Kule Kongo

Juzi dada yangu alinipigia simu. "Mjomba amelazwa," akasema. Nikajikuta nimeuliza swali ambalo ni watu wa kwetu tu wanaolielewa: "Kitandani ama mchangani?" Akacheka sana. "Kitandani. Analalamikia ugali wa hospitali." Nikakaa chini, moyo ukatulia, nikaukumbuka mtaa wetu wa Kianda wa miaka ya tisini.

Wewe hukumjua Mjomba wa enzi hizo. Mwimbaji wa roki, tena nyota! Kutoka Ayany mpaka Kawangware, watoto waliandika jina lake kwa makaa kwenye kila ukuta. Halafu akapotea wiki nzima. Uvumi ukaenea kwamba amekufa na kuzikwa kisirisiri, na kila mtu alikuwa na kaburi lake la kusimulia. Nyanya, mama yake, alikaanga samaki wake mlangoni bila hata kugombana na wateja. Hilo liliniogopesha kuliko uvumi.

Asubuhi moja akaja jirani yetu, fundi wa mbao kutoka Kitui. Ubaya ni kwamba kazi yake ilikuwa majeneza.

"Mama, kijana wako amelazwa Kongo, kule Kawangware."

"Lini?"

"Jumamosi. Watu wa bendi ndio walikuwepo."

"Na hamkuniita? Hamkumleta nyumbani?"

"Angeletwa aje, Mama, na vile alikuwa?"

Nyanya hakulia. Kwetu mtu hazikwi mjini. Nyumbani ni kule ziwani. Alichukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, walau achote udongo wa kaburi aupeleke nyumbani, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu.

Tulipofika Kongo tukaulizia kaburi la mwimbaji. Kijana mmoja akatukodolea macho.

"Kaburi gani, shosho? Msee ako hapo kliniki, amevunjika mguu, anasumbua nesi na gita."

Tukamkuta anaimba. Kumbe fundi alisema kitandani, Nyanya akasikia mchangani: kwa lugha ya kwao, aliyelazwa amezikwa. Nyanya alimchapa kwa leso, akamkumbatia, ndipo akalia. Mimi nilicheka mpaka tumbo likaniuma. Nilikuwa nimebana pumzi tangu Kianda. Mkebe ukatumika kumpelekea uji.

Siku hizi kuta zile zimebomolewa, na kwa fundi panauzwa simu. Nyanya ndiye amelazwa, kwa ile maana yake mwenyewe, kule ziwani, na kaburi lake tunalijua sote. Mkebe ninao jikoni, natilia sukari. Udongo haujawahi kuingia humo.