Mchele Uliolala na Usipa

Siku yangu ya kwanza kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Mbugani, meneja hakunionyesha mashine. Alinipa mchele kiganjani, akaniambia nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Harufu nzuri, bosi."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako. Kukoboa kila mtu anakoboa."

Alisema kweli. Mashine zilipangana pande zote mbili za njia, na zote ziliuza mchele wa Kyela. Tukipandisha bei kidogo, mteja anayetupenda alivumilia. Tukizidisha, alivuka njia. Kwa hiyo kila mwenye mashine alitafuta kitu chake. Sisi tulianza kushona magunia kwa uzi wa bluu. Kabla msimu haujaisha njia nzima ilikuwa bluu, nami nikakasirika kijinga, maana uzi ni wa dukani. Tukapepeta chenga, yaani punje zilizovunjika, nao wakapepeta. Mwishowe meneja akaamua: mpunga wa kijiji cha Ngonga tu, mbegu moja ya kienyeji, hakuna kuchanganya. Hilo halikuigwa upesi, kwa sababu lilitaka moyo wa kukataa watu. Hata mjomba wake meneja kutoka Ngana alirudishwa na mzigo wake.

Nikapandishwa kuwa mtunza ghala. Mteja wetu mkubwa, mama mwenye hoteli Tukuyu, alikuja kila wiki. Alipita milango yote mpaka kwetu, akalipa bei yetu bila kununa. Huyo ndiye aliyetulisha.

Halafu mvua ikamkuta shemeji yangu njiani na magunia ya usipa, wale dagaa wetu wa ziwani. Ningemkataliaje shemeji? Nikamwachia kona ya ghala kwa siku mbili. Mtu yeyote wa hapa anajua usipa haukai na mchele; mimi nilijua kuliko wote, na bado nikafungua mlango. Alipoondoa mzigo wake nikafagia, nikanyamaza. Pua yangu ilishazoea.

Mama akarudi na bakuli la wali lililofunikwa kitambaa. Hakugomba.

"Baba, hebu nusa."

Nikanusa. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Meneja akamwahidi kumbadilishia mzigo wote.

"Ndaga, asante meneja," mama alisema. "Lakini nilikuwa napita milango yote hiyo kwa ajili ya harufu. Sasa kwenu ni mchele tu, na mchele tu unauzwa hapo mlango wa kwanza."

Meneja hakunifukuza. Aliniambia, "Uzi tungenunua mwingine," akaingia ofisini.

Nimestaafu sasa. Vijana wanaofungua mashine huniuliza wachape nembo gani kwenye mifuko. Chapeni mnayoipenda. Ila jueni kwanza ni kitu gani kinachomfanya mteja awapite wengine, halafu jiulizeni ni ndugu yupi mtashindwa kumkatalia kwa ajili ya kitu hicho.

Yule mama tuliendelea kuonana naye. Alinunua mlango wa kwanza, na kila wiki, mpaka nastaafu, alinipungia mkono na kuniuliza habari za watoto. Bora angenitukana.