Joho la Kukodi

Bi Najwa hakwenda ofisini kwa Pranav mikono mitupu. Mtu akimpa mwanao kazi, unampelekea chakula. Ndivyo alivyolelewa mtaani Bondeni, hapa Nakuru. Alijua nyumbani kwa kina Pranav hawali nyama, kwa hivyo alikaanga sambusa za ndengu, kwa mafuta mapya na karai jipya, akazifunika kwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Harun, mwanawe, alipoinua macho kutoka kwenye kompyuta na kumwona mlangoni na sinia lake, moyo ulimlipuka.

Hebu nieleze kwa nini mtu aogope sambusa za mamake. Harun alikuwa ameingia chuo kikuu Nairobi kusomea kompyuta, na mwaka wa pili akaacha. Hakufukuzwa. Alichoka kuandika programu kwa kalamu, maana mashine zilikuwa chache, akaona atajifundisha haraka zaidi peke yake. Kwa hilo hakukosea. Kosa lake ni kwamba hakumwambia mamake. Kila akitaka kusema, alikumbuka mamake anavyomsifu kwa majirani, akaahirisha. Kabla hajafungua kinywa, Bi Najwa akauza ploti ya Lanet, ile marehemu mumewe aliyomwachia ajenge, ili mwanawe asikwame kwa karo.

Na Harun akazipokea zile pesa. Hapo ningekuwepo ningemvuta sikio. Alinunua kompyuta, akapanga chumba Karagita, mbali na Nakuru, katikati ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, huku mama akijua yuko darasani Nairobi. Lakini alijifundisha kweli, usiseme. Pranav, aliyekuwa akiyaandikia mashamba hayo programu za hesabu ya maua, alimpa kazi ya kujaribiwa, akaridhika nayo, akamwajiri.

Ikabaki siku ya kuhitimu. Bi Najwa alikuwa ameshajishonea nguo ya kuvaa. Kisha uchaguzi wa 2007 ukapita na Januari nchi ikawaka. Watu walilala kwenye mahema uwanja wa maonyesho, nyumba zao majivu. Harun akapiga simu. "Mama, graduation haitakuwa, vile kuna fujo. Tutapewa vyeti ofisini tu." Alipokata simu alishusha pumzi. Wenzake wanalia, yeye anashukuru. Mji ulipotulia aliingia studio ya picha inayokodisha joho, akapigwa picha akitabasamu, na Bi Najwa akaitundika juu ya televisheni.

Sasa Bi Najwa huyu hapa ofisini, amevutiwa kiti, amemiminiwa chai.

"Nimekuja kushukuru, baba," alimwambia Pranav. "Umenipokelea msomi wangu."

"Mama, mimi ndio nashukuru," Pranav akasema. "Watu wanasema bila degree hakuna kazi ya programming. Mimi naangalia kazi tu. Hii kijana yako siku ya kwanza aliniambia straight, 'Boss, niliacha college second year.' Hakuficha. Hiyo honesty yake ndio nilipenda sana."

Alisema kwa nia njema, maskini, akimtazama Harun kwa fahari. Harun alikuwa akitazama kibodi.

"Second year," Bi Najwa akarudia.

"Ndio, mama."

"Alhamdulillahi." Akamsogezea sinia. "Kuleni, msione haya." Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, kwa sababu ndiyo adabu, akaaga kila mtu mle ofisini.

Jioni Harun alimfuata nyumbani Bondeni, akamkuta ameketi, cherehani imefunikwa. Alikuwa amejiandaa kukaripiwa.

"Mimi sijui mambo ya kompyuta," mamake alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyeniambia bila digrii hupati kazi. Ungeniambia si lazima, ningekwambia rudi nyumbani, mwanangu. Saa hizi tungekuwa kwetu Lanet."

Harun alilia kama mtoto. Bi Najwa hakumbembeleza wala hakumfokea, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Ndipo jirani yao Wachuka akabisha, akaingia, macho yakiwa kwenye picha. "Mama Harun, hongera. Lakini umetunyima. Mbona hukutuita graduation?"

Harun alimtazama mamake. Huyu ni fundi wa nguo ambaye hata kipande cha kitambaa kilichobaki humrudishia mteja. Hajawahi kumsikia akisema uongo, hata wa mzaha.

"Haikuwa, vile kulikuwa na fujo," Bi Najwa akajibu. "Walipewa vyeti ofisini tu."

Kisha akainuka, akaipangusa ile picha kwa upindo wa leso, Wachuka aione vizuri.